Fundi Anajibu: Maji Yapenyayo Kandokando ya Dirisha la Paa

Mvua za Machi zikishaanza, barua za wasomaji wa safu hii huwa karibu zote juu ya jambo moja, nalo ni paa. Mwezi huu nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, kwa sababu kosa lililomo nimelikuta kwenye nyumba nyingi kati ya Entebbe na Mukono. Nyingine nazijibu kwa kadiri ya uzito wake.

Mzee Fundi, salamu. Nyumba yetu iko Entebbe, upande wa ziwani, na ina miaka miwili tangu ikamilike. Paa ni la bati la mawimbi lenye rangi, na mbele lina doma moja, yaani kile kijumba chenye dirisha kinachochomoza katikati ya mteremko wa paa. Kuta za doma ni za matofali yaliyopigwa lipu, na ina kipaa chake chenye miteremko miwili. Kila inaponyesha mvua kubwa, dari ya chumba cha watoto hulowa, wala si chini ya doma bali kama mita mbili pembeni yake. Mafundi watatu wamekwisha kupanda juu. Wa kwanza alipaka saruji kwenye maungio, wa pili akapaka silikoni juu ya saruji, wa tatu akapaka lami juu ya silikoni. Kila mmoja alifaulu kwa wiki chache. Sasa wa nne ananiambia tuibomoe doma yote. Je, hakuna njia nyingine?
— Mama mwenye nyumba, Entebbe

Mama, usiibomoe. Kwa maelezo yako na kwa picha ulizotuma, doma yenyewe ni nzima. Kinachokosekana ni flashingi, yaani yale mabati yaliyokunjwa ambayo hulazwa mahali paa linapokutana na ukuta, au mahali miteremko miwili inapokutana, ili maji yavuke ungio bila kuligusa. Mafundi wako watatu walifanya kazi moja kwa vifaa vitatu. Kila mmoja aliweka kitu cha kupaka mahali palipohitaji bati.

Kwa nini dawa zao zilidumu wiki chache tu? Bati la chuma lenye urefu wa mita 6, likipanda joto nyuzi 40 kutoka alfajiri hadi saa nane mchana, hurefuka kwa karibu milimita 3, kisha jioni hujirudi. Ukuta wa matofali haufanyi hivyo. Saruji iliyobandikwa kati ya viwili hivyo huvutwa na kusukumwa kila siku, nayo haina mnyumbuko, kwa hiyo hupasuka ufa mwembamba kama unywele. Silikoni huvumilia zaidi, lakini ile uliyopakiwa ilishikana na saruji iliyokuwa imekwisha kuachana na bati, kwa hiyo ilisafiri pamoja nayo. Katika picha yako ya tatu naona tabaka zote tatu zimeinuka kwa pamoja kama gome la mti, na chini yake kuna kiza. Kiza hicho ndicho mlango wa maji.

Kuhusu dari kulowa mita mbili kando ya doma, hilo lisikushangaze. Tone likishapenya chini ya bati halidondoki palepale. Hushika tumbo la bati au ubavu wa papi, yaani ubao unaopigiliwa bati, likateremka polepole hadi likutane na msumari, fundo la ubao au ungio la kenchi, ile fremu ya mbao inayobeba paa, na hapo ndipo linapoachia. Doa la dari huonyesha mahali maji yalipochoka kusafiri, na mara nyingi fundi anayeanza kuziba juu ya doa huziba mahali pasipo na tundu.

Sasa tuitazame doma kama kichwa cha mtu: ina uso, ina mashavu mawili na ina kisogo. Kila sehemu ina bati lake, na mabati hayo huwekwa kuanzia chini kwenda juu, kila la juu likilalia la chini yake, kama mtu anavyopanga magamba ya samaki. Fundi anayeanza kisogoni na kumalizia usoni, hata akiwa na mikono ya dhahabu, atakuwa amepanga magamba kinyume.

Usoni, chini ya dirisha, huwekwa aproni. Hili ni bati lililokunjwa kufuata pembe ya paa, upande mmoja ukipanda ukutani hadi chini ya kizingiti cha dirisha, upande wa pili ukiteremka juu ya mabati ya chini kwa milimita 150 au zaidi. Aproni lazima iwe ndefu kuliko uso wa doma, ivuke kila kona kwa kiasi hichohicho, na ncha zake zikunjwe kuzunguka kona. Kabla ya kuilaza, fundi mwangalifu huchukua koleo na kuinua kidogo ncha ya juu ya kila mtaro wa mabati yaliyo chini yake, ili upepo wa ziwani ukiyasukuma maji kurudi juu yakute kizuizi. Ni kazi ya dakika mbili kwa kila bati, na sijui kwa nini mafundi wengi huiona ni mapambo. Skrubu za aproni hupigwa juu ya migongo ya mawimbi, kamwe si ndani ya mitaro, kwa maana maji hupita mtaroni.

Mashavuni, kwa paa la bati la mawimbi, hutumika bati refu moja kila upande, lililokunjwa kama herufi L. Mguu mmoja husimama ukutani kwa milimita 150, na mwingine hulala juu ya bati la paa hadi kuvuka migongo miwili, ukingo wake ukikunjwa kuingia mtaroni. Ncha ya chini ya bati hili huja juu ya mkunjo wa aproni. Hapa pana jambo ambalo mwenye nyumba anaweza kulikagua mwenyewe bila kupanda ngazi ndefu: ule mguu uliosimama usipigiliwe ukutani. Uachwe huru, na juu yake lije bati la pili, ambalo mimi huliita kifuniko, lililochomekwa ndani ya ukuta na kuufunika mguu huo kwa milimita 75 hivi. Bati la chini hurefuka na kufupika pamoja na paa, kifuniko hubaki na ukuta, na kati yao hakuna kinachopasuka kwa sababu hakuna kilichogundishwa.

Kifuniko hicho huchomekwa katika mfuo unaokatwa ukutani kwa grinda, kina chake kikiwa milimita 25 ndani ya tofali. Nasema ndani ya tofali. Lipu ya nyumba zetu huwa na unene wa milimita 15 hadi 20, na fundi mvivu hukata mfuo unaoishia ndani ya lipu peke yake. Mvua ya pembeni huingia kwenye ufa wowote ulio juu, ikateremka nyuma ya lipu na nyuma ya kifuniko, kisha huingia ndani kana kwamba hakuna kilichofanyika. Ukitaka kujua mfuo wako umefika wapi, chukua kijiti cha kiberiti baada ya kukatwa, kichomeke, ukitoe, ukipime. Kikiingia kwa zaidi ya nusu ya urefu wake, na vumbi linalotoka likawa jekundu badala ya kijivu, fundi amefika tofalini.

Tumefika kisogoni, na hapa ndipo ninapoamini nyumba yako inapovujia. Kipaa cha doma kinapokutana na paa kubwa hutokea mabonde mawili, moja kila upande, na kila bonde hupokea maji ya paa kubwa pamoja na ya kipaa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Eneo linalomwagia bonde moja likiwa mita za mraba 12, mvua ya milimita 40, ambayo kwa wakazi wa kandokando ya Ziwa Victoria si jambo la kuandikia barua, huteremsha lita 480 katika mfereji mmoja. Hayo ni madumu 24 ya lita 20, na yote hutokea mahali pamoja, kwenye kona ya shavu la doma.

Sasa fikiria mahali bonde linapoishia. Bati la bonde hulazwa chini ya mabati ya paa kubwa na chini ya mabati ya kipaa, ndivyo inavyopaswa. Lakini likifika mwisho wake wa chini, ni lazima litoke na kumwaga maji juu ya bati la paa kubwa. Ili litoke, bati lile refu linalopita kando ya doma kutoka mgongo wa paa hadi mchirizini haliwezi kubaki zima. Lazima likatwe vipande viwili: cha chini kiwekwe kwanza, ncha ya bonde ilale juu yake, kisha kipande cha juu kilalie bonde na kuvuka kile cha chini kwa milimita 200 hivi. Asipokata, bonde hukojoa chini ya bati.

Nakiri kosa langu mwenyewe. Nikiwa bado kijana, nilipaua nyumba moja huko Mukono yenye doma mbili. Mwenye nyumba alikuwa amenunua mabati marefu yaliyopimwa kiwandani, yanayometameta, nami nikaona ni dhambi kuyakata. Niliyapitisha mazima kando ya doma, nikafupisha ncha za mabonde ili zijifiche chini yake, na kazi ilipendeza sana kuitazama kutoka barabarani. Nilirudishwa pale mara tatu na bomba la silikoni mkononi. Mara ya nne nilifungua bati, nikakuta papi imeoza kiasi cha kuichimba kwa kidole, na maji yote ya bonde yalikuwa yamemwagikia hapo tangu mvua ya kwanza. Kulikata bati lile kulinichukua dakika kumi.

Picha yako ya kwanza, Mama, inaonyesha mabati mazima pande zote mbili za doma. Kwa hiyo mwambie fundi wa nne aweke nyundo ya kubomolea chini. Afungue mabati mawili au matatu kila upande wa doma na yale ya kipaa yanayogusa mabonde, akwangue saruji, silikoni na lami yote hadi tofali lionekane, abadilishe ubao wowote uliooza, kisha aanze upya kwa utaratibu niliouandika: aproni, mashavu, ncha za mabonde, mabonde, na mwisho kofia, yaani bati linalofunika mgongo wa kipaa. Mahali kofia ya doma inapogusa paa kubwa, mabonde mawili yakutanapo, waweke kipande kimoja kipana kilichokunjwa kama tandiko la punda, kiingie chini ya mabati ya juu. Fundi mzuri na msaidizi wake watamaliza kwa siku mbili au tatu zisizo na mvua.

Katika kununua, tumia bati la aina ileile ya paa lako, ila nene zaidi kwa mabonde. Kumbuka kwamba namba ya geji ikipanda unene hushuka: geji 30 ni kama milimita 0.3, geji 26 ni kama 0.45, na geji 24 ni zaidi kidogo ya nusu milimita. Kwa bonde sikubali bati jembamba kuliko geji 26, kwa kuwa mtu atakanyaga hapo siku ya kufagia majani. Tazama alama ya Shirika la Viwango la Uganda, na ukiweza kuazima kipimo cha maikromita, pima mwenyewe dukani, maana geji iliyoandikwa kwa kalamu ya wino si ushahidi. Silikoni ina kazi yake ndani ya mfuo wa kifuniko, lakini ifungue na kuinusa kabla ya kulipa: ikinuka siki, irudishe, kwa sababu asidi iliyomo hula zinki ya bati. Nunua ile isiyo na harufu hiyo. Vilevile lipu mbichi isiachwe ikauke juu ya bati. Saruji mbichi huila zinki na alumini.

Kazi ikiisha, usingoje mawingu yaikague. Chagua siku kavu, mtu mmoja apande na mpira wa maji, mwingine akae darini na tochi. Maji yaanze kumwagwa chini ya aproni kwa dakika kumi, kisha usoni, kisha shavu moja, shavu la pili, bonde moja, la pili, kila mahali dakika kumi na si pamoja. Mahali maji yanapokuwa yamefikia aliye darini anapopaza sauti, hapo ndipo pa kurudia. Malipo ya mwisho yangoje jaribio hilo. Mafundi wenzangu watanilaumu kwa sentensi hiyo, nami siifuti.

Shikamoo, Mzee. Mimi ni fundi ninayeanza, niko Jinja. Nimepewa paa la vigae vya udongo vyenye mawimbi, lenye doma mbili za mbao. Aliyenifundisha kazi aliniambia kila safu ya vigae ipate kipande chake cha bati ukutani, kama ngazi. Nimejaribu lakini vipande havilali. Je, nitumie bati refu moja kama kwenye paa la bati?
— Fundi kijana, Jinja

Marahaba, mwanangu. Aliyekufundisha hakukosea, ila alikuwa akizungumzia kigae kingine. Vipande vya ngazi ni njia bora kuliko zote kwa vigae bapa: kila safu ya vigae huwekewa kipande kilichokunjwa, nusu ukutani nusu chini ya kigae kinachofuata, na kila kipande hukilalia cha chini yake kwa milimita 75 au zaidi. Kipande hupigwa msumari mahali pamoja tu, ama ukutani ama kwenye paa, kisifungwe pande zote mbili, kwa sababu mbao za doma nazo hucheza. Maji yakipita kigae kimoja hutupwa juu ya kigae cha chini, hatua kwa hatua, na kipande kimoja kikiharibika kingine hubaki kazini.

Vigae vyenye mawimbi makubwa, kama vingi vya udongo vitokavyo Kajjansi ambavyo Waganda huviita amategula, havina uso bapa wa kupokea kipande hicho. Ukikichomeka katikati, kigae cha juu huinuka, upepo huingia, na mwisho kigae huvunjika mtu anapokikanyaga. Hapo una njia mbili. Ya kwanza ni flashingi laini inayolala juu ya vigae na kufuata mawimbi yake, ikivuka angalau wimbi moja zima, na ukingo wake uishie upande wa mbali wa mgongo, si katikati ya mtaro. Ya pili ni mfereji wa bati unaofichwa chini ya vigae kando ya ukuta, wenye kingo mbili zilizosimama, unaomwaga maji juu ya aproni. Mfereji huo hupendeza kwa sababu hauonekani, na ubaya wake ni huohuo: majani ya mwembe hujaa ndani yake mwaka mzima bila mtu kujua. Kama pana mti unaoning'inia juu ya nyumba, mimi nachagua njia ya kwanza bila kusita.

Wauzaji watakuonyesha risasi kama flashingi laini, na ni kweli kwamba risasi hukunjika vizuri kuliko kitu chochote na huishi miaka mingi. Lakini muulize kwanza mwenye nyumba kama anakinga maji ya mvua. Hapa Uganda nyumba nyingi zina tangi chini ya mchirizi, na maji hayo hupikiwa na kunywewa. Risasi ni sumu, hasa kwa watoto, na haifai kabisa juu ya paa linalokinga maji ya kunywa. Tumia ile tepu pana ya alumini iliyofinywafinywa, yenye gundi nzito upande wa chini, uibonyeze kwa kitambaa ukianzia katikati ya wimbi kwenda kingoni ili hewa isibaki. Kigae kiwe kikavu na kisiwe na vumbi hata kidogo; kipanguse kwa brashi, kisha kwa tambara, kisha subiri.

Hata hivyo usitegemee gundi ya tepu ishikilie ukingo wa juu ukutani. Doma zako ni za mbao, kwa hiyo flashingi ipande nyuma ya mbao za kufunika ukuta, na mbao hizo ziishie milimita 50 juu ya vigae ili zisinyonye maji kwa ncha. Kama mbao zimekwisha kupigwa, zifungue za chini. Najua mwenye nyumba ana haraka. Mwambie nimekuagiza mimi.

Ndugu Fundi, nyumba yangu iko Kabale na nimejenga chumba darini chenye dirisha la paa. Kinachonitatiza ni kwamba matone hudondoka alfajiri hata katika wiki isiyo na mvua. Fundi amekwisha kubadilisha flashingi mara mbili na bado. Nimkatae?
— Mwalimu mstaafu, Kabale

Mwalimu, usimkatae, ila msimamishe. Hilo si vujo. Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, usiku bati hupoa sana, na pumzi za watu wanaolala pamoja na mvuke wa jikoni hupanda na kugeuka kuwa maji kwenye tumbo la bati, kama unavyoona kwenye sufuria ya chuma iliyojazwa maji baridi. Alfajiri matone hukua, huteremka hadi ukingo wa dirisha na kuanguka hapo, na kila mtu huilaumu flashingi.

Jaribio ni rahisi. Usiku mmoja usio na mvua fungua matundu ya hewa au dirisha lenyewe kidogo, usiku wa pili funga kila kitu, ulinganishe asubuhi. Tofauti ikionekana, unachohitaji ni hewa inayopita kati ya bati na dari, ikiingia mchirizini na kutokea mgongoni, pamoja na karatasi ya kuzuia mvuke upande wa chumba. Kama kuna jiko la mkaa chumbani humo, liondoke kwa sababu nyingine pia, yaani hewa yake yenye sumu, ambayo mwalimu hahitaji kuelezwa.

Mzee, ninachora ramani ya nyumba yangu Arua na nimependa zile zenye doma tatu mbele. Sina mpango wa kulala darini. Je, niziweke?
— Msomaji, Arua

Hesabu kwanza, ndugu yangu. Doma tatu zenye vipaa vya miteremko miwili ni mabonde sita, mashavu sita, aproni tatu na matandiko matatu, na kila kimoja ni mahali fundi anapoweza kukosea siku aliyochoka. Kama hakuna atakayelala darini, utakuwa umenunua maungio kumi na nane kwa ajili ya wapita njia. Ukuta wa pembe tatu mwishoni mwa nyumba, wenye dirisha dogo, utaipa dari mwanga na hewa bila kukata paa popote. Ukishikilia, weka moja, katikati, na mteremko wa paa uwe mkali wa kutosha maji yasikawie. Mvua za upande wenu huja msimu mmoja mrefu, Aprili hadi karibu Novemba, kwa hiyo upauaji uwe kati ya Desemba na Februari.

Fundi, flashingi zangu ziliwekwa mwezi uliopita. Hazivuji, ila kuzunguka doma bati limetapakaa vidoa vya kutu, vidogo kama pilipili manga iliyosagwa. Je, niliuziwa bati bovu?
— Mfanyabiashara, Masaka

Huenda bati ni zima. Fundi wako alilikata kwa grinda akiwa juu ya paa. Cheche za grinda ni vipande vya chuma vilivyo moto, huanguka juu ya rangi na kujichomeka, na umande wa kwanza huvipatisha kutu. Kwa sasa kutu ni ya chembe hizo tu, lakini ikiachwa itafika kwenye bati. Panda asubuhi kabla jua halijachoma, fagia kwa brashi laini, osha kwa maji ya sabuni na tambara, usitumie brashi ya waya, kisha paka rangi ya bati kwenye vidoa vilivyokwisha kuchimba na kwenye kingo zote zilizokatwa. Na kazi iliyobaki, aifanye kwa mkasi wa bati, huku chini.